Ruthu Anakaa Wapi?

Jumamosi, Kinoru. Manyunyu tangu adhuhuri, ile mvua ya baridi ya huku kwetu isiyotaka kunyesha wala kukatika. Nimerudi kutoka Embu, soksi zimelowa na sina nguvu ya kuzivua. Nimekaa jikoni na simu mkononi, na ninaandika hapa kwa sababu nikinyamaza nitapiga mayowe, na baba ataniuliza kuna nini.

Nimekata tamaa. Nimeandika hivyo bila kupamba kwa sababu nimechoka kupamba.

Kesho ni Jumapili ya kipaimara. Kwa wanaosoma hapa na hawalijui kanisa letu: kwetu mtoto hapati kipaimara mpaka asimame mbele ya waumini wote ataje vitabu vya Agano la Kale kwa mpangilio, kuanzia Mwanzo hadi Malaki, bila Biblia mkononi. Mbele yake, kwenye kiti kisicho na mgongo, anaketi mzee mwenye fimbo. Ukikosea, fimbo inagonga sakafu mara moja, ko, nawe unarudi mwisho wa foleni kuanza upya. Huelezwi kosa lako. Ukalitafute mwenyewe.

Mzee wa fimbo ni baba yangu.

Amekuwa yeye tangu kabla sijazaliwa. Mji huu umejaa watu wenye vitambi na ofisi kubwa ambao wakimwona baba akipita soko la Gakoromone na mfuko wake wa mboga bado wananyoosha mgongo. Hakuwahi kuwa mchungaji. Alikuwa mwinjilisti tu, mtu wa kutembea kwa miguu kutoka kanisa dogo hadi kanisa dogo, na elimu yake yote ya dini aliipata katika chuo kidogo cha Biblia huko Embu alipokuwa kijana. Tangu mama yangu, Zipora, atutoke, baba anaishi nami. Kila asubuhi kabla ya chai hufumba macho na kuvitaja vitabu vyote, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja, huku mimi nikichemsha maziwa.

Usahaulifu ulianza na vitu vidogo. Alisahau jina la ng'ombe wetu. Akasahau njia ya kurudi kutoka kwa kinyozi. Siku moja akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mwenye nyumba hii amesafiri. Nilimpeleka hospitalini, daktari akatumia maneno mengi ya upole, na katika hayo yote nilibaki na moja tu: hairudi. Huu ugonjwa ukichukua kitu haukirudishi.

Lakini vitabu haukuvigusa. Asubuhi baada ya asubuhi, Mwanzo hadi Malaki, safi kabisa. Nikajifariji kijinga, kama watu wanavyojifariji, kwamba ilimradi vitabu vipo, baba yupo.

Kisha juma lililopita tukaenda mazoezi kanisani. Alisimama msichana mmoja mwembamba, sauti imara, mikono nyuma. Mwanzo, Kutoka, Walawi, Hesabu, Kumbukumbu la Torati, Yoshua, Waamuzi, Ruthu.

Ko.

Msichana akamtazama mwalimu wake wa shule ya Jumapili, kisha akaanza tena. Alipofika kwa Ruthu, fimbo ikagonga tena. Mara ya tatu alilitaja jina hilo kwa kunong'ona, fimbo ikagonga, akaangua kilio. Hakuwa amekosea. Hata wale wa benchi la nyuma wanaotafuna peremende walijua hakuwa amekosea. Baba peke yake ndiye aliyekaa pale ametulia, na uso wa mtu mwenye uhakika, na ni uhakika huo ulionitisha.

Kaka yangu Mutwiri alikuwepo. Anauza viazi Gakoromone na si mtu wa maneno mengi. Tulipofika nyumbani alinivuta kando ya tangi la maji.

"Kendi, tuambiane ukweli. Mzee ameenda. Wacha apumzike na respect yake, kabla hawa watoto hawajaanza kumcheka."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia anamzika mtu anayepumua. Hakubishana nami. Alipanda pikipiki yake akaondoka, na nilimkasirikia zaidi kwa kutobishana.

Mimi nafanya kazi katika duka la dawa za mifugo mjini. Jumatatu wateja walikuwa wachache, nikatoa simu na kuandika swali la mwendawazimu: Ruthu anakaa wapi katika Biblia? Nilitaka kuona lile jibu ninalolijua, labda nikiliona limeandikwa nikubali yaishe. Badala yake nikakuta jambo ambalo miaka yote ya kukalia mabenchi ya kanisa hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa Wayahudi, Ruthu hakai baada ya Waamuzi.

Maandiko yao ni yale yale tunayoyaita Agano la Kale, lakini nyumba wameipanga vingine. Wana mafungu matatu. La kwanza ni Tora, ile tunayoiita Torati, vitabu vitano vya Musa. La pili ni Neviim, yaani Manabii. La tatu ni Ketuvim, yaani Maandiko. Chukua sauti ya kwanza ya kila fungu, T na N na K, na unapata Tanakh, jina wanalouita mkusanyo mzima. Sisi tunahesabu vitabu thelathini na tisa, wao ishirini na vinne, na hakuna kilichopotea hapo katikati. Samweli zetu mbili kwao ni kitabu kimoja, na Wafalme hivyo hivyo, na Mambo ya Nyakati. Ezra na Nehemia wanakaa pamoja. Wale manabii wadogo kumi na wawili, wanaowatesa watoto wetu kila mwaka, kwao wote ni kitabu kimoja.

Nilisoma huku nikimpimia mtu chumvi ya ng'ombe. Yoshua na Waamuzi, ambavyo sisi tumefundishwa ni vya historia, kwao vimo katika Manabii. Danieli, ambaye kila mtoto aliyekanyaga shule ya Jumapili anajua ni nabii, hayumo kwa Manabii. Yuko katika fungu la tatu, baada ya Esta. Mwisho wa yote si Malaki, ni Mambo ya Nyakati. Na Ruthu wangu yuko huko huko fungu la tatu, kati ya Wimbo Ulio Bora na Maombolezo, mbali kabisa na Waamuzi.

Hata majina ni mengine. Vitabu vya Torati wanaviita kwa maneno yanayovifungua. Kutoka kinaitwa Majina. Walawi kinaitwa Akaita. Hesabu kinaitwa Jangwani, na Kumbukumbu la Torati kinaitwa Maneno, basi. Niliyarudia pale kaunta, Majina, Akaita, Jangwani, Maneno, nikahisi kama mtu ananisimulia habari za nyumbani kwangu.

Halafu nikakumbuka chuo cha Embu.

Nikakumbuka pia kwamba simu yangu ina sauti ya baba. Tangu aanze kuugua nimekuwa nikimrekodi asubuhi bila yeye kujua, nipate cha kushika baadaye. Nikaiweka sikioni ile ya asubuhi hiyo hiyo. Yoshua, Waamuzi, Samweli. Ruthu hayupo. Wafalme, kisha moja kwa moja Isaya, Mambo ya Nyakati hayapo. Na huko mbele: Esta, Danieli, Ezra.

Esta, Danieli, Ezra! Sawasawa na Wayahudi.

Nililia pale pale kaunta, mbele ya mteja aliyekuja kutafuta dawa ya kupe, mpaka maskini akasema atarudi kesho. Baba hajasahau. Baba amerudi nyuma tu, amerudi darasani Embu, kwa mpangilio aliofundishwa huko akiwa kijana. Yule msichana alikuwa sawa na baba naye alikuwa sawa. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sikuamini nusu nusu. Usiku ule nililala kama mtoto mchanga.

Katikati ya juma wazee wa kanisa wakaketi kuamua ni nani atakayeshika fimbo Jumapili. Niliingia bila kualikwa. Nikasimama mbele yao na kuwaeleza mafungu matatu, nikiwaomba wasimwambie baba lolote kwanza. Mwenyekiti wao alikuna kichwa.

"Sasa mama, unataka kutuambia Danieli sio nabii? Hiyo maneno umetoa wapi? Na wale simba je?"

Walicheka. Mchungaji wetu, ambaye bado ni kijana, hakucheka. Alisema ni kweli, Wayahudi hupanga hivyo, na kwamba Danieli hapungukiwi na chochote kwa mahali alipowekwa. Kisha akaniuliza swali la haki: nina hakika gani kwamba baba alisomeshwa hivyo? Nikamtaja Mzee Ireri wa Embu, aliyesoma na baba, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika darasa lao. Wakakubaliana. Nikileta neno la Mzee Ireri kabla ya Jumapili, baba atashika fimbo yake, na mchungaji atawaeleza watoto mipangilio yote miwili. Nisipolileta, fimbo itakwenda kwa mwingine na baba atakalishwa na wageni.

Mnajua anayekalishwa na wageni ni nani. Ni mtu aliyekwisha.

Leo asubuhi nilimwacha baba na mke wa Mutwiri nikaenda Embu. Nilikwenda nikiwa na furaha, naona aibu kuandika. Nilinunua mkate na majani ya chai ya kumpelekea mzee wa watu, nikajipaka mafuta, nikavaa viatu vya Jumapili. Mtu angeniona angedhani naenda kuposwa.

Mzee Ireri anaishi juu ya mji, upande wa mlima, katikati ya kahawa na miti ya makadamia. Alitoka mwenyewe kunipokea na kuniita kwa jina. Akanikumbusha kwamba nilipokuwa mdogo nilimmwagia uji kwenye viatu. Ni wa rika la baba. Alikumbuka jina la mama, alikumbuka nyimbo zilizoimbwa kwenye harusi yao, alikumbuka hata rangi ya ng'ombe waliotolewa. Aliniwekea chai na nduma, akaongea bila kutafuta neno hata moja, na mimi nikiwa nimeshika kikombe chake nikamchukia. Ndiyo. Nilimtazama mzee asiye na kosa lolote kwangu nikawaza: kwa nini si wewe?

Nilimweleza shida iliyonileta. Akacheka kwa raha.

"Hayo mafungu matatu! Tulisoma, tulisoma. Mwalimu alikuwa anachora kwa ubao, Torati hapa, Manabii hapa, Maandiko kule. Sisi wengine tulishika tu ndio tupite."

Nilishika mkono wake. Nadhani hata nilisema asante Mungu kwa sauti. Yeye akaendelea kutabasamu, akikumbuka, na hakujua alikuwa anakwenda wapi na maneno yake.

"Lakini baba yako, huyo Festo, alikataa kabisa. Alisimama kwa class akaambia mwalimu, Danieli hatoki kwa manabii mimi nikiwa hai. Siku ya mtihani akaandika ile yetu, Mwanzo mpaka Malaki. Akaanguka hiyo paper. Akatuambia ameanguka vizuri."

Huyo ni baba yangu mtupu. Sikuwa na haja ya kuuliza kama Mzee Ireri ana hakika, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya ukaidi wa namna hiyo na kujivunia. Kwa hiyo baba hakuwahi kuushika mpangilio wa Wayahudi. Alipigana nao. Asingeweza kurudi mahali ambapo hakuwahi kukubali kuingia.

Hata hivyo nilitoa simu. Mtu anayezama hushika chochote. Nikamchezea ile ya Jumatatu, nikiomba moyoni, na mzee akasikiliza ameinamisha kichwa. Akakubali kwamba ndiyo, imefanana fanana. Kisha akauliza kama ninazo nyingine.

Ninazo nyingi. Hilo sikumwambia mchungaji, wala wazee. Baada ya kusikiliza ile ya Jumatatu sikugusa nyingine, nikazilimbikiza tu humo kwenye simu, na nikijiuliza kwa nini, jibu nilikuwa nalo muda wote. Niliogopa.

Nikamchezea ya Jumanne. Walawi, Yona, Hesabu, Yona, Yona. Nikamchezea ya Alhamisi. Mwanzo, Kutoka, Walawi, Yoshua, Waamuzi, Zipora, Samweli, Zipora, Zaburi, Zipora. Halafu kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho mlio wa maziwa yakimwagika juu ya jiko. Nilikuwepo! Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake nikifuta jiko langu na kulalamika juu ya maziwa, na sikusikia anavyomwita mama.

Mzee Ireri alivua miwani.

"Huo sio mpango wa Wayahudi, mwanangu. Wala sio wetu. Festo anatafuta mke wake."

Aliniombea. Akanipa mfuko wa makadamia nimpelekee baba na salamu nyingi. Nilishukuru, nikaaga vizuri kama nilivyolelewa, nikashuka mjini kutafuta gari.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasuka uongo. Nani angejua? Mzee Ireri hana namba ya mchungaji, na wazee hawatakwenda Embu. Ningesema amethibitisha, na kesho baba angeketi kwenye kiti chake. Niliusuka mpaka ukawa mzuri sana. Kisha nikaiona hiyo kesho yenyewe. Nikaona askofu mbele, kanisa limejaa, mtoto anataja jina sahihi na fimbo inagonga, anarudia na fimbo inagonga. Nikawaona wale watu wenye vitambi wakitazama viatu vyao. Nikamsikia baba, katikati ya ibada, akianza kumwita mama. Nikauacha uongo wangu huko njiani.

Nilimkasirikia Mungu leo. Nitaandika hivyo na atakayekwazika na akwazike. Kama ulihitaji kuchukua kitu, si ungechukua macho yake, au miguu? Mzee huyu alikuwekea majina haya kichwani maisha yake yote, hakuomba chochote kingine, nawe umeingia humo humo.

Nimemkuta baba ameketi barazani, blanketi magotini. Mke wa Mutwiri alikuwa amemnyoa, kidevu kinang'aa, na suti yake ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni kwa ajili ya kesho. Macho yake yalikuwa yake. Bado tuna saa kama hizo, chache, na huwezi kuziita, zinakuja zenyewe. Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Mama, umenyeshewa. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia Embu, kwa Ireri. Uso wake wote ukafunguka.

"Ireri bado ako? Hao ndio walikuwa wanataka kumtoa Danieli!"

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye, machozi na mvua vikichanganyika usoni, bahati nzuri hakuna aliyeweza kutofautisha. Ugomvi wa ujana wake anaukumbuka wote, hadi kiti alichokalia na shati alilovaa mwalimu. Kilichomponyoka ni kile alichokuwa akikigombania.

Alipomaliza kucheka akachukua makadamia moja kutoka mfuko wa Ireri, akaigeuza geuza bila kuila.

"Yule msichana," akasema. "Alikuwa sawa, ama?"

Ningeweza kumdanganya. Nina mazoezi, nilikuwa nimeshinda nikidanganya kichwani.

"Alikuwa sawa, baba."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyokwisha kuisikia. Kisha akanieleza, kwa vipande vipande, kwamba anajua, na amejua kwa muda. Alisema zamani akifumba macho vitabu vilikuja vyenyewe, kama watu wa boma wakiitwa kula. Sasa anamwita mmoja na anakuja mwingine. Wengine hawaitikii. Wengine hakuwaita na wameingia.

"Siku zingine nikiita, anakuja mama yako," akasema. "Sasa nitamwambiaje arudi?"

Nilimkumbatia magoti pale chini kwenye saruji baridi kama mtoto.

Nikamwambia basi twende kwa mchungaji sasa hivi, tukiwa wawili, akabidhi fimbo mwenyewe kwa heshima zote. Watamwimbia, watamvisha hata shuka la kuenziwa. Nilikuwa nimekwisha kusimama. Akanirudisha chini kwa mkono.

"Leo najua. Kesho sitakuwa najua. Nitaamka nikijua mimi ndio mwenye fimbo, na wewe utanikataza aje? Nitagombana na wewe. Nitakuja huko hata kama ni kutambaa. Si unanijua?"

Namjua. Ni yule yule aliyeanguka mtihani kwa kusudi. Chochote tutakachokubaliana leo, atakuwa amekisahau kabla hajavaa viatu.

Mvua ilikuwa inatiririka kwenye bati. Lazima muelewe huyu ni mtu wa namna gani ndipo muelewe alichonifanyia. Hajawahi kukosa ibada. Alikwenda kanisani siku ana malaria, akaenda Jumapili iliyofuata maziko ya mama, akaketi mahali pake. Na hakuvumilia uongo nyumbani kwake, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba baba hayupo. Mutwiri alichapwa kwa huo.

Akaushika mkono wangu, ulikuwa bado umelowa, akaupangusa kwa blanketi lake kidole kimoja kimoja.

"Mama, kesho nikiuliza ni siku gani," akasema, "niambie ni Jumatatu."

Hakusema zaidi. Muda si mrefu macho yake yakaanza kuondoka, akaniuliza kama nimewapa ng'ombe maji, nikasema nimewapa.

Nimempigia mchungaji simu, nikamweleza yote ya Embu, hata zile rekodi. Akasema kesho ibadani atamwombea baba bila kumtaja kwa jina. Nimempigia Mutwiri pia. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu "njoo kesho mapema na nguo zako za soko," akaelewa, akasema atakuja hata na gunia la viazi, aliweke mlangoni lionekane.

Suti nimeificha kwenye kabati langu, chini ya shuka. Pazia la upande wa barabara litabaki limefungwa, kwa sababu majirani watapita na Biblia kwapani na watoto wakiwa na soksi nyeupe. Kipaza sauti cha kanisa kinafika hapa kwetu kama kiko uani, kwa hiyo itabidi mashine ya kukata majani ya ng'ombe ianze kulia asubuhi na isinyamaze mpaka watu watoke. Koti langu la kazini nimelitundika pale ilipokuwa suti yake. Nitakunywa nalo chai mbele yake.

Kilichobaki ni kusema. Baba anazijua sauti za watu wanaobahatisha, amezisikiliza maisha yake yote, na sina hakika kwamba ugonjwa umemnyang'anya hilo. Nimekuwa nikijizoeza hapa jikoni, kwa sauti ya chini. Nafika mwisho sauti inakatika. Naanza upya.

Leo ni Jumatatu, baba.